Udongo Usiopumua

Katika nchi aliyoitumikia Gwakisa, maji yalikuwa kosa. Si mvua, mvua ilivumiliwa kwa kuwa hunyesha ikapita. Kosa lilikuwa maji yanayokaa. Watu walisimulia kwamba zamani sana mtawala mmoja aliingia kinamasini na msafara wake wote, ngoma na bendera na wapambe, akatoka upande wa pili peke yake, bila viatu. Hakusema alichokiona. Alisema tu, pakaushwe. Tangu hapo watawala walikuja na kuondoka, na jina la nchi likabadilishwa mara tatu, lakini amri ile ilibaki. Ikajengewa jumba refu kuliko majumba yote, likaitwa Idara ya Ukavu, na ndani yake watu walikaa mchana kutwa wakifuta buluu kwenye ramani na kupaka kahawia.

Gwakisa alikuwa mpima udongo wa Idara hiyo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mvi zimeanza masikioni, na bega moja limeshuka kwa kubeba keekee, kile chuma kirefu cha kutobolea ardhi na kuvuta juu kilichomo. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Alifika mahali penye maji, akatoboa, akatazama udongo uliotoka, kisha akajaza fomu. Fomu ilikuwa na swali moja: Mahali hapa pakoje? Chini yake kulikuwa na majibu mawili ya kuchagua. La kwanza: Pakavu. La pili: Patakauka.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amechagua la pili, na mitambo ilikuwa imemfuata nyuma na kulitimiza neno lake. Sasa kwenye ramani ya nchi nzima kilikuwa kimebaki kinamasi kimoja tu. Wapima wenzake walikikwepa, mmoja akisingizia mgongo, mwingine msiba. Gwakisa alikiomba mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, naye hakusema kwamba mkewe alikuwa mle.

Sekela alizama siku ambayo Gwakisa alikuwa mjini akifanya mtihani wa kuingia Idarani. Alikwenda asubuhi kukata mafunjo ya kuezekea nyumba yao, nyumba iliyokuwa na kuta na haijawa na paa. Katika kinamasi kile mafunjo yalisukana mizizi yakawa zulia linaloelea, na juu ya zulia hilo watu walitembea, wakacheka, wakasahau kwamba chini yao hakuna kitu. Zulia lilifunguka. Waliomtafuta walikuta mundu wake umelala juu ya majani, na pembeni kitita kimoja kimeshafungwa. Walichovya miti mirefu mahali pawili patatu. Miti ilipita kwenye tope laini, haikugusa pagumu.

Gwakisa alifaulu mtihani.

Akafika kinamasini siku ya mvua nyepesi. Ukingoni ilikuwepo nyumba moja, ya Tupokigwe, mama yake Sekela, msuka majamvi. Kwa desturi ya watu wale, mume hamtazami mama wa mkewe usoni, wala mama hamtazami mkwe. Wakitaka kuzungumza huweka kitu katikati. Tupokigwe aliposikia hodi alisimamisha jamvi alilokuwa analisuka, akakaa nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Kaa hapohapo. Umekuja na kile chuma?"

"Nimekuja nacho."

"Basi usitukawize. Andika patakauka."

Njia nzima Gwakisa alikuwa amejiandaa kwa maombi na machozi ya mtu anayekitetea kinamasi chake, si kwa neno hili.

"Mama, wewe unaishi kwa haya mafunjo."

"Naishi!" Sauti ilitoka katikati ya nyuzi za jamvi. "Mwaka wa kumi na moja huu sijanyoa nywele. Matanga yangu hayajaondolewa, kwa sababu hakuna aliyezikwa. Ukoo unaniuliza, Tupokigwe, mwanao yuko wapi? Nasema, yuko huko. Huko wapi? Huko. Mwenye kaburi hukaa chini akalia, akimaliza akasimama. Mimi nalia huku natembea. Walete hiyo mitambo. Wayaondoe maji. Nimuone mwanangu alipolala, nimpeleke kilimani kwenye udongo mwekundu, nimzike kama watu wanavyozikwa."

Alilolisema mama yule ndilo lililomleta Gwakisa pia. Alitaka kumuona. Katika kazi yake yote, kila keekee ilipotoka ardhini na tope lake, alikuwa akitazama udongo kwa jicho moja la mpimaji na jicho jingine la mtu anayetafuta unywele.

Asubuhi yake alikwenda kupima. Alitembea juu ya zulia kwa hatua za paka, na kila hatua ilipeleka wimbi likatikisa mafunjo yaliyokuwa mbali, kana kwamba kinamasi kinamtangaza. Akatoboa. Udongo wa juu ulikuwa mweusi, wa majani ya mwaka huu na mwaka jana. Chini yake ulikuwa wa kahawia, na ndani yake majani yangali majani. Unaweza kulinyoosha moja kidoleni na kuhesabu mishipa yake, na jani hilo lilianguka wakati babu wa babu yako hajapewa jina. Chini zaidi ukaja udongo wa kijivu kinachokaribia buluu, baridi, laini kama siagi, wenye harufu ya mayai viza. Na katika kijivu kile, pale tu ilipopita mizizi, palikuwa na mistari myembamba ya rangi ya kutu.

Gwakisa aliijua maana yake. Udongo mwekundu wa kilimani ni mwekundu kwa sababu unapumua; chuma kilichomo kimeshikana na hewa, kikapata kutu. Maji yakikaa juu ya udongo, hewa hukatika. Udongo husahau rangi yake. Vijidudu vinavyoozesha vitu hulala, na kinachoanguka humo hakiendi mbele wala hakirudi nyuma. Mafunjo peke yake ndiyo yenye huruma: shina lake ni mrija, hunywa hewa juu na kuishusha chini mpaka mizizini, na hapo mzizi ulipopumua ndipo panapobaki ule mstari wa kutu. Alikaa amekitazama kipande kile cha tope kiganjani. Je, kisichooza kinaishi, au kimekatazwa kufa? Na nchi inayochukia maji yanayokaa, inachukia maji, au inaogopa mahali ambapo jana haijaisha? Mtawala yule aliyetoka bila viatu aliona nini mle, kama si watu wote aliodhani amekwisha kuwasahau, wakiwa na nyuso zao?

Akawaza, kwa vipandevipande, kama mtu anavyowaza akiwa peke yake.

Kama haozi, ana miaka ishirini na sita.

Mimi nilikuwa na thelathini. Tulipishana kidogo.

Sasa angeweza kuwa binti wa kaka yangu mkubwa.

Nikimtoa, nikamfuta tope usoni, akafumbua macho. Ataniambia nini? Ataniambia, shikamoo, baba. Unamtafuta nani?

Nitasema namtafuta mke wangu.

Atasema, pole baba. Mimi pia namngoja mume wangu, amekwenda mjini kwenye mtihani.

Gwakisa alirudi ukingoni akiwa ameloa mpaka kiunoni, akakaa mbele ya jamvi.

"Mama, kuna jambo nalijua na sitaki kukuficha."

"Sema."

"Nikiandika patakauka, watachimba mfereji, maji yataondoka. Ardhi hii ni majani yasiyooza kwa kukosa hewa. Hewa ikiingia, yote yataanza kuoza kwa pamoja. Mwaka wa kwanza watu watavuna mahindi, watashangilia. Kisha ardhi itadidimia, mwaka hata mwaka, mpaka izame kimo cha mtu. Itashika moto chini kwa chini. Udongo wa kijivu utakuwa mchungu kama siki, na hakuna kitakachoota. Nimeyaona haya mahali pengi. Nimeyasababisha."

"Na mwanangu?"

"Hatutamkuta, mama. Hewa itamkuta kwanza."

Vidole nyuma ya jamvi viliacha kusuka.

"Unajuaje?"

"Naujua udongo."

"Humjui mwanangu."

"Nilimuoa."

"Nilimzaa." Kisha kwa sauti ya chini, "Mimi si wa kuambiwa, mkwe. Nimeambiwa miaka kumi na mmoja. Alikufa, waliniambia. Hakuteseka, waliniambia. Nataka kuona kwa macho yangu. Tuchimbe shimo moja, mimi na wewe, hapo ulipokutwa mundu."

"Hatuwezi kuchimba shimo moja, mama. Kuna desturi."

Tupokigwe alisimama, akalikunja lile jamvi, akaliweka ukutani.

Gwakisa aliinamisha kichwa, lakini alikuwa amekwisha kuona. Aliona paji la uso, na jinsi nyusi moja ilivyopanda juu ya mwenzake. Aliona mdomo wenye kona iliyokunjika kama inazuia neno. Ulikuwa uso wa Sekela, umepitishwa kwenye miaka, ukakaushwa na kukunjwa, nywele nyeupe ndefu zimeuzunguka kama moshi. Hivi ndivyo ambavyo angekuwa. Hivi ndivyo ambavyo wangezeeka, yeye na huyu, katika nyumba yenye paa. Kwa muda hakujua ameingia mwaka gani. Akajiona mzee, amerudi kutoka shambani, mkewe amemfungulia mlango. Machozi yakamtoka, naye Tupokigwe akayaona akadhani ni aibu.

"Desturi ni ya walio na wafu wao," alisema. "Chukua jembe."

Walichimba siku tatu. Walizungushia mahali pale ukuta wa vitita vya mafunjo na udongo mgumu uliosombwa kutoka ukingoni, wakachota maji kwa ndoo tangu jua linachomoza mpaka mikono inakataa kufumba. Kila walipopumzika maji yalirudi nusu. Hawakuzungumza sana. Siku ya pili Tupokigwe alimuuliza kama Sekela alikuwa na mimba siku ile; Gwakisa akasema hakujua. Akauliza kama waligombana kabla hajaondoka. Gwakisa akasema hapana, Sekela alimwambia tu alete chumvi kutoka mjini. Mama akatikisa kichwa na kuchota maji.

Siku ya tatu, jua likiwa bado halijafika utosini, shimo lilikuwa limewafika kifuani. Tupokigwe aliweka jembe, akaanza kutoa tope kwa mikono. Ghafla akatulia. Katika vidole vyake palikuwa na nywele.

"Sekela," alisema.

Wakamtoa tope taratibu kama mtu anayemwamsha mtoto bila kumtisha. Alilala kiubavu, magoti yamekunjwa, mkono chini ya shavu. Ngozi ilikuwa ya rangi ya chai nzito, nywele zimegeuzwa nyekundu na tope. Kope zilikuwepo. Mistari ya kiganja ilikuwepo. Alikuwa msichana, na mtu angesema amejilaza baada ya chakula.

Gwakisa alipiga magoti. Akatazama mikono yake mwenyewe imelishika bega lile, na ikamjia, si kama wazo bali kama kumbukumbu, kwamba mikono hiyo ilishawahi kulishika hivi, ikimlaza, ikimkunja magoti, ikimwekea mkono chini ya shavu ili asilale vibaya. Hakujua tena kama ni yeye anayefukua au ni yule aliyefukia. Kulikuwa na mwanamume shimoni, amepiga magoti, mpendwa wake ameondoka. Mwanamume huyo angeweza kuwa wa karne yoyote.

Kisha Tupokigwe aliinua mdomo wa msichana kwa kidole gumba. Meno ya mbele yalikuwa yamechongwa, yamechongoka kama ya msumeno, mapambo yaliyoachwa kabla hajazaliwa bibi wa bibi yake. Kiunoni palikuwa na shanga za mbegu ambazo hawakuzijua.

"Si yeye," alisema Gwakisa. "Mama, si yeye."

Tupokigwe hakusikia, au alisikia. Alikaa ndani ya tope, akakiweka kichwa kile mapajani mwake.

"Huyu ana mama," alisema.

"Alikuwa naye."

"Ana mama."

Jua likapanda. Gwakisa alikuwa wa kwanza kuona, maana alijua pa kutazama. Kuta za shimo, zilizokuwa za kijivu walipozifungua, zilikuwa zimeanza kubadilika. Madoa ya kutu yalijitokeza hapa na pale, yakatanuka, yakashikana. Udongo ulikuwa unapumua kwa mara ya kwanza tangu zamani isiyo na hesabu, na pumzi hiyo ilikuwa inauunguza. Akamtazama msichana. Shavu lililokuwa laini lilikuwa limekakamaa. Ngozi ilizidi weusi, ikavutika, ikapasuka kwenye kona ya jicho ufa mwembamba kama wa chungu. Tupokigwe alichota maji kwa viganja akamlowesha uso. Ufa ukaongezeka. Akachota tena.

"Anakwenda," alisema. "Gwakisa, anakwenda!"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"Ni hewa, mama."

"Mrudishe. Mrudishe upesi kabla hajaisha."

Wakamlaza kama walivyomkuta. Gwakisa alimkunja magoti. Tupokigwe alimwekea mkono chini ya shavu. Wakarudisha tope kwa mikono, lile la kijivu kwanza, kisha la kahawia, kisha jeusi, na Gwakisa akaubomoa ukuta wa mafunjo. Maji yaliingia bila haraka. Yalipolingana na maji mengine, Tupokigwe alifungua kinywa akalia kilio cha kuzikia, chote, tangu mwanzo wake mpaka mwisho, akitaja ukoo na mito na majina ya waliotangulia, na palipotakiwa jina la marehemu hakutaja jina, alivuta pumzi akaendelea.

Walipofika nyumbani alichukua wembe, akakaa kizingitini, akanyoa. Nywele nyeupe zilianguka miguuni mwake kwa mafungu. Kichwa kilichobaki kilikuwa kidogo kama cha mtoto.

"Nimezika," alisema.

"Mama, hakuwa Sekela."

"Najua hakuwa Sekela. Sijawa mjinga. Nimezika." Alipangusa wembe kwa pindo la kanga. "Mama wa yule hakufika. Nimefika mimi. Na aliko mwanangu, iko siku mwanamke asiyemjua atamweka mapajani. Basi. Matanga yameisha, mkwe wangu. Na wewe umefunguliwa. Oa, upate watoto."

Gwakisa alitamani kusema asante, kwa kuwa aliloambiwa lilikuwa neno la upendo. Lakini aligundua kwamba miaka yote alikuwa anaugulia nusu ya jambo, nusu nyingine ikiuguliwa na mama huyu. Na sasa mama ameitua nusu yake, na uzito wote umemwelemea yeye.

Kesho yake akaja mjumbe wa Idara, bwana mmoja aitwaye Ipyana, ndani ya mabuti mapya ya mpira, kuchukua fomu. Gwakisa alimpa. Alikuwa ameyakata majibu yote mawili, na pembeni ameandika kwa herufi kubwa: HAPA PANA.

Ipyana alisoma, akasoma tena.

"Umekosea kuandika. Hapana huandikwa neno moja."

"Sikukosea."

"Hapa pana?"

"Ndiyo."

"Hapa pana nini?"

"Hilo ndilo Idara ingeuliza," alisema Gwakisa, "kama fomu yake ingekuwa na mahali pa kujibia."

"Ndugu yangu, nikirudi na karatasi hii watakufukuza."

"Najua."

"Na mwingine ataletwa."

"Aje na keekee yake. Hii ya kwangu ichukue."

Ipyana aliibeba keekee begani. Alipofika mbali aligeuka, akakitazama kinamasi kwa muda mrefu kuliko mjumbe anavyopaswa kutazama, kisha akaenda. Gwakisa alifukuzwa, kama alivyoambiwa. Lakini hakuletwa mwingine. Mjini karatasi ile ilipelekwa meza moja hata nyingine, kwa kuwa wa kufuta buluu alihitaji jibu la kwanza na wa kutuma mitambo alihitaji la pili, na hapakuwa na mtu aliyepewa mamlaka ya kusoma la tatu. Inasemekana bado inazunguka.

Tupokigwe aliondoka wiki hiyohiyo kwenda kwa dada yake kilimani, majamvi kichwani, anatembea kama aliyevuliwa kitu kizito. Gwakisa alibaki. Siku kadhaa alikaa tu. Kisha asubuhi moja alikwenda mpaka mahali pale walipochimba, mbali na ukingo, akashuka kutoka kwenye zulia mahali ambapo tope lingeweza kumbeba. Hakwenda kufa. Alikwenda kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Tope likamshika vifundo, likamshika magoti, baridi, likamkaza kama mtu anayemkumbatia mgeni wake. Akasimama.

"Sekela," alisema. "Mimi hapa."

Mafunjo yalitikisika, yakatulia. Alingoja. Alikuwa amesikia maisha yake yote kwamba kinamasi hakiachi kilichokishika, na katika moyo wake, mahali ambapo hakuwahi kupatoboa, alikuwa ameliamini hilo na kulitumaini. Jua lilipanda. Kidege cha majini kilipita karibu, kikamtazama, kikaendelea na kazi yake. Akauvuta mguu mmoja, kujaribu tu. Tope lilisita. Kisha likauachia kwa sauti ndogo, na shimo la mguu likajaa maji palepale, pakawa kama hapajawahi kusimama mtu. Akauvuta wa pili. Ukaachiwa nao.

Gwakisa alipanda juu ya zulia, akalala chali akitweta. Njaa ikamshika, njaa ya kawaida ya mtu aliyeamka mapema bila kula, na akaona haya mbele ya Sekela kuwa na njaa. Alikaa na haya hiyo kidogo. Kisha akainuka, akaenda kutafuta chakula.